Mgonjwa wa Mtihani

Kidonda cha Baba kilianzia kwenye kiatu, na kiatu chenyewe kilikuwa cha kazi, kwa hiyo Baba hakukilaumu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali, akibeba mafaili meza hadi meza, ghorofa hadi ghorofa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuvaa viatu visivyong'aa, wala kufungua faili hata moja. Hilo la pili ndilo alilojivunia zaidi. "Faili si barua ya mapenzi," alizoea kusema. "Wewe unalibeba, wenye kulisoma wanalisoma. Na jambo likishaandikwa mle kwa wino, ndilo lililotokea."

Msumari ulitokeza kwenye soli, akautembelea siku mbili bila habari, maana ugonjwa wa sukari ulishamtia ganzi nyayoni. Mke wake, ambaye ni dobi, ndiye aliyekuta damu kwenye soksi. Hiyo ilikuwa wiki tano zilizopita. Asubuhi hii Baba alikuwa amekaa kitini, tai shingoni, mguu wa kulia juu ya kigoda, akingoja kufungwa kidonda kwa raha zake, kama mtu aliyekaa kwa kinyozi.

"Nesi!" aliita. "Mgonjwa wako anachelewa kazini."

Binti yake hakuwa tena na jina lingine. Tangu ilipokuja barua ya chuo cha uuguzi, Baba alimwita Nesi, shangazi akamwita Nesi, na wapangaji wote wa nyumba ile wakafuata. Mama naye akawa Mama Nesi, na wateja waliokuwa wakimtupia nguo mlangoni wakaanza kumsalimia kwanza.

Nesi alikuja na beseni la maji ya chumvi na shashi safi, akapiga magoti. Alipofungua bandeji, harufu ilimtangulia kumwamkia. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi tangu juzi. Leo na cha pembeni yake kilikuwa kimebadilika rangi.

Alibonyeza karibu na kifundo. "Unasikia hapa, Baba?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

Baba alikuwa akitazama saa ya ukutani. "Hapa wapi?"

Nesi aliuacha mkono pale pale kwa muda. "Baba, hiki kidonda kimenishinda. Twende hospitali."

Baba akacheka mpaka kigoda kikatikisika. "Hospitali imelala chumba cha pili, imekunywa chai yangu, halafu inaniambia twende hospitali?"

"Mimi bado mwanafunzi."

"Mwaka wa pili! Sikiliza, mwenzangu wa ghorofa ya tatu alikwenda hospitali na kidole kimoja kibovu, akarudi na magongo mawili. Masikini, hakuwa na mtu wa kumtazama nyumbani. Mimi ninaye. Hao wenzako wana nini usichonacho wewe? Si mmefundishwa na walimu wale wale? Haya, funga."

Akafunga. Alifunga vizuri, mikunjo imepangana, kama alivyofundishwa, na uzuri huo wa bandeji ndio uliokuwa ukimponza mzee. Kila aliyeiona alimpongeza.

Shangazi, dada yake Baba, alichungulia kutoka chumba cha jirani. "Nesi mwanangu, ukimaliza na huo mguu, kuna goti huku linalia kama mlango."

"Jioni, Shangazi."

Mama alimpa sare nyeupe, imepigwa pasi mpaka unaweza kukata nayo mkate. Hakuiachia mara moja. "Sare hii," alisema, "ingekuwa ya mteja, ningemrudishia pesa yake. Haina cha kufuliwa." Alimtazama binti yake usoni, kisha akageukia makaa ya pasi yake.

Nesi aliivaa, akatoka. Alipita mbele ya geti la hospitali bila kugeuza shingo, akakunja kona mbili, akaingia kwenye uwanja uliozungushiwa mabati. Nyuma ya rundo la mabomba alivua weupe wote ule, akaukunja ndani ya mfuko wa nailoni, akavaa ovaroli. Ukweli ni kwamba Nesi hakuwa nesi. Alikuwa amesoma muhula mmoja na wiki chache, akaacha, na huu ulikuwa mwezi wa tisa anajifunza kuchomelea vyuma.

*

Haikuwa kwamba aliogopa damu. Watu wangelielewa hilo, hata Baba angelielewa. Ilikuwa kwamba siku moja wodini alipelekwa kumshikia taa fundi aliyekuja kutengeneza vitanda vilivyovunjika. Akaona vipande viwili vya chuma visivyojuana vikiyeyuka na kuwa kimoja, na mchana ule alisahau kula. Siku ya pili alimfuata fundi mpaka kwenye mabati yake. Ada ya muhula wa pili, ambayo Baba alimhesabia mkononi, ilinunua kofia ya kioo cheusi, glavu, na nafasi ya kujifunza. Iliyobaki aliikatakata vipande, akawa anampelekea Baba kila mwisho wa mwezi, akisema ni posho ya chuo. Mzee alipokea pesa yake mwenyewe kwa mikono miwili, akishukuru.

Fundi huyo waliyemwita Miwani, kwa sababu ya miwani yake iliyofungwa kwa waya, aliinama leo juu ya fremu ya dirisha ambayo Nesi alikuwa ameimaliza. Akachukua nyundo, akagonga kiungo mara moja. Kikaachia.

"Hii ni kazi yako?"

"Yangu."

"Hapana. Wewe ninakujua mkono wako. Una nini?"

Nesi alivua kofia. Macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii si kwa mwanga wa moto. "Mguu wa Baba unaoza. Na hataki hospitali kwa sababu mimi ni nesi."

Fundi Miwani aliitupa nyundo chini. Alikuwa mtu mkali asiyependa kuonekana mpole, kwa hiyo aliongea huku akipanga vijiti vya kuchomelea. "Mwambie."

"Atanifukuza."

"Akufukuze kwa mguu gani? Ngoja wiki mbili uone kama atakuwa nao." Akaokota kile kiungo kilichoachia, akamwekea kiganjani. "Unaweza kukipaka rangi hiki, kikapendeza, mteja akalipa na kukushukuru. Lakini rangi haibebi mzigo, binti. Nenda kamwambie mzee wako ukweli leo."

Lilikuwa shauri jema, na Nesi aliondoka nalo mpaka nje ya mabati. Njiani alifikiria uso wa Baba. Alimfikiria Mama Nesi, na wateja wake wanaosalimia. Alipofika nyumbani, alikuwa na uongo mpya.

*

"Baba," alisema, "nina mtihani."

"Lini?"

"Keshokutwa. Wa vitendo. Kila mmoja anatakiwa kupeleka mgonjwa wake mwenyewe, daktari amwangalie, aone kama tumemtunza sawasawa."

Baba alikaa wima. "Na wewe unampeleka nani?"

"Sina mtu, Baba."

Kisha mzee aliupiga mguu wake kofi, ule ule, kwa furaha. "Huna mtu? Huna mtu, na mimi nimekaa hapa na kidonda cha wiki tano?" Akamwita mke wake, akamwita dada yake. "Mmesikia? Naenda kufanyiwa mtihani! Mama Nesi, tai ya bluu iko wapi? Ile ya sherehe."

"Tai ya nini hospitali?" Mama aliuliza taratibu.

"Unataka mtoto afeli kwa sababu ya mgonjwa mchafu?"

Aliomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Siku hiyo alioga mapema, akapiga kiwi kiatu cha kushoto mpaka kikaona aibu kukanyaga chini. Mguu wa kulia haukuingia tena kwenye kiatu, kwa hiyo Mama alichana kiatu cha kulia kwa kisu upande mmoja, na Baba akakipiga kiwi vilevile.

"Sharti ni moja, Baba," Nesi alimwambia njiani. "Mtihani ni wa siri. Usizungumze na mtu. Mimi ndiye nitakayeongea."

"Kutunza siri ndiyo kazi yangu," alisema Baba.

Nesi alikuwa na matumaini, na matumaini hayo hayakuwa ya kijinga kabisa. Wagonjwa ni wengi, daktari hana muda, atautazama mguu, atampa kitanda. Baba akishalazwa, atakuwa amelazwa. Mengine yangekuja baadaye.

Walikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa tano. Daktari aliyewaita alikuwa kijana, amechoka. Alifungua bandeji, akainua macho kumtazama Nesi, akayarudisha mguuni.

"Nani alikuwa anafunga hiki?"

"Mimi," alisema Nesi.

"Umefunga vizuri sana," alisema daktari, na haikuwa sifa. "Mzee, unalazwa leo. Vidole hivi viwili vimekufa. Tukivitoa leo, mguu utabaki. Tukichelewa, sitaweza kukuahidi nitakata wapi."

Baba alitabasamu, akamkonyeza binti yake. Alijua mitego ya mitihani. "Usiniambie mimi, Daktari. Mwulize yeye. Leo yeye ndiye anayejibu maswali."

"Maswali gani?"

"Baba," alisema Nesi.

"Ya mtihani! Mimi ndiye mgonjwa wake wa mtihani." Na hapo kiburi kikamshinda mtunza siri. Aligeukia mlango uliokuwa wazi, akasema kwa sauti ya kufika benchi la mwisho: "Binti yangu huyu! Mwaka wa pili!"

Matroni, msimamizi wa wanafunzi wa uuguzi pale hospitalini, alikuwa akipita. Alisimama, akamtazama Nesi kuanzia kofia mpaka viatu. Hakuwa mwanamke mbaya, ila alikuwa na kumbukumbu nzuri. Aliingia ofisi ya pili, akarudi na daftari kubwa la wanafunzi, akalipekua akiwa amesimama.

"Huyu tunamjua," alisema. "Aliacha masomo mwenyewe. Mwezi wa tisa huu. Na sare yetu unaivaa kwa ruhusa ya nani?"

Watu wa benchi walikuwa wameacha kukohoa.

"Vua kofia. Na mkanda. Ni mali ya chuo."

Nesi alivua kofia. Mkanda ulimshinda, vidole vikawa vinateleza kwenye kishikizo, ikabidi matroni mwenyewe amsaidie. Alibaki amesimama na gauni jeupe lisilo na kiuno. Matroni akamgeuzia Baba lile daftari. "Angalia mwenyewe, mzee. Usije ukasema tunamwonea."

Baba hakuangalia. Alitazama juu ya daftari, ukutani. "Imeandikwa kwa wino?"

"Kwa wino."

Mzee akaanza kukivaa kiatu kilichochanwa. Daktari alimshika bega. "Mzee, mambo ya familia mtayamaliza nyumbani. Huu mguu hausubiri."

"Wiki tano nimetibiwa na mtu ambaye si nesi," alisema Baba, akihangaika na kamba. "Nimeambiwa kuna mtihani, hakuna mtihani. Sasa mnataka niamini kwamba kuna ugonjwa?" Alishika ukuta, akasimama, akapita mbele ya benchi lote lile na tai yake ya bluu, na bandeji ikimfuata sakafuni.

*

Nyumbani alikaa kwenye kiti chake na hakumtazama mtu. Shangazi alisikia habari kabla hawajavua viatu. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Basi lile goti langu," alisema, "ulikuwa unalikanda na nini?"

"Dada, toka," alisema Baba. Shangazi alitoka, naye hakwenda mbali.

"Unafanya kazi gani?" Baba aliuliza. Aliuuliza ukuta.

"Nachomelea vyuma, Baba. Mageti, madirisha, vitanda."

"Na wanaume."

"Na fundi mmoja, na wanafunzi wake wawili."

"Nimebeba mafaili ya watu ili mtoto wangu akae upande wa pili wa meza. Wewe ukaenda kukaa na vyuma." Alikuwa akipumua kwa shida. "Na ile posho?"

Nesi alipiga magoti, si karibu na mguu safari hii. "Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ada yako. Baada ya hapo ni jasho langu, Baba. Niliipenda ile kazi. Niliogopa kukwambia. Niadhibu unavyotaka, lakini turudi kwa daktari. Vidole viwili tu."

Baba alimgeukia mke wake, ambaye alikuwa ameshika pasi isiyo na moto. "Unamsikia? Miezi tisa tumelala na mwongo ndani ya nyumba."

Mama aliigeuza ile pasi mkononi.

"Mama Nesi. Nasema unamsikia?"

"Mimi ndiye ninayemfulia," alisema Mama.

Maneno hayo yalichukua muda kufika. Mama aliiweka pasi chini. "Nguo haijui kuficha. Sare yake haikuwahi kuwa na tone la dawa, wala la damu. Inarudi na mikunjo ya kukaa mfukoni. Na fulana zake za ndani zina vitundu vya cheche, hapa, kifuani. Nilijua tangu mwezi wa pili."

"Ulijua." Baba alinyanyuka nusu, akarudi chini. "Ulijua, na kila asubuhi ukamwacha anifunge mguu?"

"Kilikuwa kidonda kidogo."

"Kwa nini hukusema?"

Mama alianza kulia bila sauti, kama alivyozoea kufanya kila kitu. "Kwa sababu na mimi nilipenda kuitwa Mama Nesi."

Baba alifungua tai, akaikunja vizuri, akaiweka mapajani. "Mikono yenu isiniguse," alisema. "Yake, na yako."

*

Alitimiza. Siku ya kwanza alijifunga mwenyewe kwa kitambaa cha mfukoni. Siku ya pili alijaribu kwenda kazini, akafika kwenye ngazi ya mlango, akakaa hapo mpaka jua likawa kali, watu wakipita na kumsalimia, yeye akiwajibu kwamba anapunga upepo. Siku ya tatu hakutoka kitandani. Nesi alikaa nje ya mlango wa chumba na beseni la maji ya chumvi, akilibadilisha maji kila yalipopoa, na mlango ukabaki umefungwa.

"Mwite daktari aje hapa," alimwambia Mama.

"Daktari gani anayekuja kwenye nyumba ya kupanga?"

"Basi tuuvunje mlango."

"Ni baba yako," alisema Mama, akimaanisha mambo mengi, na hakuna hata moja lililokuwa msaada.

Siku ya nne, saa sita mchana, Baba mwenyewe alifungua. Walimkuta ameegemea fremu ya mlango, jasho likimtiririka, macho yanang'aa kupita kiasi. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini na harufu ilijaa ukumbini. Alimwona binti yake, na uso wake ukafunguka kwa furaha kubwa.

"Nesi! Mbona hujavaa? Tutachelewa."

Nesi alisimama. "Tutachelewa wapi, Baba?"

"Mtihani wako! Si ulisema huna mtu?" Alikuwa akipapasa shingo. "Nifunge tai. Usije ukafeli kwa ajili yangu."

Nesi alimtazama Mama. Kama kuna wakati ambao mtu angependa kusema kweli, ulikuwa huu, baada ya yote yale. Na hakuweza, kwa sababu kweli ingemrudisha mzee kitandani na kuufunga mlango tena.

"Hatujachelewa bado, Baba," alisema. "Twende. Wanatungoja."

Mama alimfunga tai ya bluu. Nesi alimpigia simu Fundi Miwani, naye akaja na gari lake dogo la mizigo, lililokuwa na fremu za madirisha. Wakazisogeza, wakatandika mashuka ya wateja wa Mama, wakamlaza. Shangazi alipanda bila kualikwa, akakipakata kichwa cha kaka yake. Barabara nzima Baba alimwuliza binti yake maswali ili amtayarishe. Mkono unaoshwa mara ngapi? Bandeji inaanzia wapi? Nesi alijibu yote, akiwa ameushika mguu usigongwe na vyuma.

"Vizuri," Baba alisema kila mara. "Vizuri sana. Utapita."

*

Daktari alikuwa yule yule. Hakumgombeza mtu, na afadhali angegomba. Alisema, "Chini ya goti. Sasa hivi, kabla homa haijamchukua," akampa Mama fomu ya ridhaa.

Mama aliishika, akaitazama. "Andika wewe," alimwambia binti yake. "Mimi mikono yangu haitulii."

Nesi aliiweka fomu ukutani, akaandika. Jina la mgonjwa. Umri. Jina la anayetia sahihi. Uhusiano na mgonjwa: binti. Mstari uliofuata uliuliza kazi ya anayetia sahihi, na kalamu ikasimama hapo.

Nyuma ya pazia sauti ya Baba ilisikika ikimwambia mtu, "Msimwonee. Mpeni maswali kama wengine."

Angeweza kuandika mwanafunzi. Angeweza kuacha wazi, watu wengi huacha. Akaandika: *fundi wa kuchomelea vyuma*. Yalikuwa maneno manne. Yangesemwa wiki moja nyuma, yangegharimu kofi na pengine vidole viwili. Akatia sahihi, akairudisha, na muuguzi akaiingiza kwenye faili jipya la kijani lenye jina la baba yake.

*

Baba alipona kwa maana ya hospitali, yaani hakufa. Homa ilipoondoka aliuona mguu wake ulipoishia, akakumbuka yote, akageuka ukutani. Siku nane hakutamka neno kwa mkewe wala kwa binti yake. Chakula alikula. Akishushwa, alishuka. Nesi alikuja kila siku baada ya kazi, akakaa kwenye kiti pembeni, akamtazama kisogo, akaondoka. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walishamzoea. Mmoja alimwuliza kama yule mzee ni bubu.

Siku ya tisa alikuja na ovaroli lake, mikono myeusi, maana hakuwa na haja tena ya kubadilisha nguo popote. Baba alikuwa amekaa, mito mgongoni. Lile faili la kijani, linalokaa limening'inia upande wa miguu, lilikuwa mapajani mwake. Lilikuwa limefunguliwa.

Nesi alisimama palepale.

"Nimelifungua," alisema Baba, kama mtu anayekiri wizi.

"Ni lako, Baba."

"Miaka thelathini na mmoja sijafungua." Sauti ilikuwa imekauka kwa kukaa bure. Aliweka kidole kwenye karatasi. "Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

"Ungeweza kuandika mwanafunzi. Wangeamini."

"Wangeamini, Baba."

Mzee aliusoma tena mstari ule, kidole kikitembea chini ya kila neno. Kisha alilifunga faili, akasawazisha kingo zake kwa viganja viwili, kama alivyosawazisha maelfu ya mafaili ya watu wengine, akampa alining'inize. Nesi alilining'iniza. Baba alijisogeza ili alale, na kitanda kikalia na kuyumba.

"Kitanda hiki," alisema, akitazama dari, "kinanitikisa tangu siku ya kwanza. Nimewaonyesha manesi kwa mkono. Wananiambia wataleta fundi."

Nesi alibaki ameshika chuma cha kitanda.

"Sasa unangoja nini?" alisema Baba. "Angalia."

Alipiga magoti sakafuni, akaingia chini ya kitanda, akapapasa kwa kidole gumba mpaka akapaona. Mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umepasuka kwenye kiungo, ufa mwembamba, umepakwa rangi nyeupe juu yake.

"Nimeuona, Baba," alisema kutoka chini. "Kesho nitakuja na mashine."

Kisha kitanda kikaanza kutikisika, polepole, halafu kwa nguvu, na Baba hakuwa akijigeuza, ila kwikwi yake ya kilio ilisikika. Binti hakutoka. Aliushika ule mguu wa kitanda kwa mikono yote miwili, pale penye ufa, akaubana, akakaa hivyo hivyo chini mpaka kitanda kikatulia.